Goti la Bibi na Katuni ya Kwanza Duniani

Katika nyumba yetu kuwa wa kwanza ni mali. Kulwa alimtangulia Doto kuja duniani kwa muda mfupi ambao hata mkunga hakuona haja ya kuuandika, lakini anaufaidi mpaka leo: ndiye anayechagua paja la kuku, ndiye anayekaa dirishani kwenye daladala, na mama yao mtaa mzima humwita Mama Kulwa. Hajatokea mtu wa kumwita Mama Doto. Doto hasemi kitu, ila anaweka hesabu. Kwa hiyo shemeji yangu, mdogo wake Mama Kulwa, alipokaa sebuleni Jumamosi jioni na kutangaza kwamba katuni ya kwanza duniani kuwa na sauti ni ya Mickey Mouse, alikuwa ameingilia kesi ya zamani bila kujijua.

Shemeji alikuja kwetu kwa usaili wa kazi. Usaili ukaisha, yeye hakuisha. Si mtu mbaya: anachota maji, anasindikiza watoto dukani, na hajawahi kusema chakula hakina chumvi. Kasoro yake ni kwamba ujana wake aliumalizia kuendesha banda umiza, na mtu aliyewahi kushika rimoti mbele ya watu 50 waliolipa kiingilio haambiwi tena kitu kuhusu mikanda. Bahati mbaya humu ndani yumo Babu, yaani baba yangu mzazi, aliyestaafu kazi ya kuendesha mashine katika jumba la sinema Tanga, enzi watu walipopiga pasi suruali kwenda kutazama picha. Kwa Babu, banda umiza si sinema. Ni watu waliofungiwa chumbani na televisheni.

Siku hiyo kifurushi cha king'amuzi kilikuwa kimekata, na kila mtu mzima alikuwa akitazama dari asije akaulizwa. Shemeji akaona awasahaulishe watoto kwa hadithi za katuni. Ndipo likamtoka lile la Mickey.

"Si kweli," alisema Babu, akiwa amefumba macho kwenye kiti chake.

"Mzee, samahani, hili nina uhakika nalo. Kama nimekosea, kifurushi nalipa mimi."

Mama Kulwa, ambaye ni mwalimu wa historia wa sekondari, alikuwa mezani anasahihisha madaftari. Bila kuinua kichwa alisema kwamba hakimu ni yeye, na kwamba mahakama yake haipokei ushahidi wa "kila mtu anajua". Doto akapewa simu ya mama yake awe karani. Kulwa akalalamika kwamba simu ilipaswa kuanzia kwake. Akaambiwa akae.

Shemeji akamwaga hoja. Filamu inaitwa Steamboat Willie, ilionyeshwa New York kwenye jumba la Colony tarehe 18 Novemba 1928, panya ameshika usukani wa meli anapiga mluzi. Karani akathibitisha tarehe na jumba. Shemeji akanyoosha miguu kama mtu ambaye kifurushi kimeshalipiwa na mwingine.

"Endelea kusoma, mke wangu," Babu akamwambia Doto, kwa utani wao wa siku zote.

Doto akaendelea. Hapo hapo New York, ndugu wawili, Max na Dave Fleischer, walikuwa wakitoa katuni za kuimba pamoja na watazamaji tangu mwaka 1924, wakitumia mtambo wa Lee de Forest ulioitwa Phonofilm. Katika moja ya mwaka 1926, My Old Kentucky Home, mbwa anawageukia watazamaji na kuwaambia waufuate mpira unaorukaruka juu ya maneno ya wimbo, waimbe naye, na mdomo wake unakwenda sawa na maneno. Paul Terry naye alikuwa na Dinner Time, iliyotangulia kuonyeshwa mwaka ule ule wa 1928. Walt Disney aliitazama kabla hajamaliza ya kwake, na haikumpendeza hata kidogo.

"Lakini Mickey alianza na hiyo," Shemeji akasema, akirudi nyuma hatua moja.

Hata hapo palikuwa na shimo. Plane Crazy, ya Mickey huyo huyo, ndiyo iliyotangulia kuchorwa. Ilionyeshwa kwa majaribio Mei 1928 bila sauti, na hakuna msambazaji aliyeitaka. Na ndani ya Steamboat Willie panya hatamki neno la kueleweka. Ni mluzi, kicheko na kelele. Maneno yalimtoka mwaka 1929, katika The Karnival Kid, naye alikuwa mchuuzi anatangaza soseji.

Hapo Babu akafumbua macho. Aliomba rula ya Kulwa, akaisimamisha wima mbele yetu iwe mkanda. "Katikati zinapita picha, 24 kila sekunde. Hapa pembeni kuna kimstari cha weupe na weusi. Taa inakimulika, mwanga unageuka umeme, umeme unakwenda kwenye spika. Ila sauti haikai ubavuni mwa picha yake. Imeitangulia kwa picha 20 hivi, kwa sababu inasomewa chini ya pale picha inapomulikwa. Ukipachika mkanda ukakosea ukubwa wa kitanzi, mwanamke anafumba mdomo ndipo unamsikia anasema nakupenda. Ukumbi mzima unakuzomea wewe, si yeye."

Akaeleza kwamba ujanja wa watu wa Disney ulikuwa huo: waliweka alama kwenye mkanda za kumwongoza kiongozi wa bendi, ili kila sufuria linapogongwa, ngoma na mguu viangukie mahali pamoja. Wengine walikuwa na sauti. Huyu alikuwa na mapigo, na watu walitoka ukumbini wakitaka katuni zote ziwe hivyo.

Hakimu akatoa hukumu huku akitia vema kwenye daftari la mtu: Shemeji angesema "ya kwanza kuwafanya watu wote watake", angeshinda. Amesema "ya kwanza" tupu. Ameshindwa.

"Haya, sauti nawaachia," akasema Shemeji, ambaye hajui kuinuka mezani akiwa amepoteza. "Rangi je? Flowers and Trees, Disney, 1932. Na Oscar ikapata."

Oscar ni kweli, karani alisema. Ndiyo iliyoichukua tuzo hiyo ilipoanza kutolewa kwa katuni fupi. Babu akauliza kama Shemeji amewahi kuona picha ya rangi isiyo na bluu. Shemeji akadhani anataniwa. Hakuwa anataniwa. Kabla ya hapo rangi za Technicolor zilikuwa mbili tu, moja ya upande wa wekundu na moja ya upande wa kijani: nyuso zinatoka vizuri, majani yanatoka vizuri, mbingu inaumbuka. Kwa rangi hizo mbili Walter Lantz alitengeneza katuni ya kufungulia filamu ya King of Jazz mwaka 1930. Mwaka huo huo Ub Iwerks, ambaye mkono wake ndio uliomchora Mickey, alitoa Fiddlesticks yenye chura wake Flip. Doto akashuka chini zaidi kwenye simu, akamkuta paka wa mwaka 1920, The Debut of Thomas Cat, kutoka studio ya J. R. Bray. Doto alikuwa ameanza kufurahia. Kila alipompata aliyetangulia, alikuwa anamtupia jicho Kulwa.

Alichopata Disney mwaka 1932 ni njia mpya ya mikanda mitatu, mmoja wa nyekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa bluu, inayounganishwa baadaye. Alikuwa ameshaianza filamu yake kwa nyeusi na nyeupe, akaiacha, akaianza upya. Kisha akafunga mkataba kwamba katuni za watu wengine zisiiguse njia hiyo mpaka mwaka 1935.

"Huyo hakuwa wa kwanza kuingia," akasema Mama Kulwa. "Huyo aliingia akafunga komeo."

Shemeji akaona atoe bunduki kubwa. Filamu ndefu! Snow White, 1937, katuni ya kwanza duniani ya kutazamwa kama sinema kamili, watu wazima wakalia. Hili hata mimi nililisikia tangu utoto, na nilimwona Babu mwenyewe akisita. Chumba kikanyamaza, Doto anasoma kimya huku midomo inacheza.

"Yupo mama mmoja," akasema hatimaye. "Mjerumani. Lotte Reiniger."

Mwaka 1926, miaka 11 kabla ya Snow White, Lotte Reiniger alikuwa ameshamaliza filamu ya zaidi ya saa moja ya Mwanamfalme Achmed, iliyotoka kwenye Alfu Lela Ulela. Kazi ilimchukua miaka mitatu. Hakuchora, alikata. Alichukua karatasi ngumu nyeusi na mabati membamba ya risasi, akakata kwa mkasi kichwa, kiwiliwili, mkono, kiganja, akaviunganisha kwenye viungo kwa waya. Kivuli hicho alikilaza juu ya kioo kinachomulikwa kutoka chini, kamera iko juu inatazama mezani. Unasogeza kidogo, unapiga picha, unasogeza, unapiga, mpaka mkono wa mwanamfalme ufike kwenye upanga jua limekuchwa. Na ili mandhari iwe na umbali, alipanga vioo kwa tabaka, jambo ambalo wengi wanadhani lilianzia kwa Disney na kamera yake kubwa ya mwaka 1937.

Bibi, ambaye muda wote alikuwa anajikanda goti kwa mafuta ya nazi, aliposikia Alfu Lela Ulela akasogeza kiti. Akataka kujua kama Aladini yumo. Yumo. Na farasi anayeruka? Yumo, mwanamfalme analetewa na mchawi wa Kiafrika.

"Kila penye mchawi ni sisi," akasema Bibi, akarudi kwenye goti.

Hata Reiniger naye ana aliyemtangulia. Buenos Aires, mwaka 1917, Quirino Cristiani alitoa El Apóstol, katuni ndefu ya kumdhihaki Rais Yrigoyen: rais anapanda mbinguni, anaazima radi za Jupita, anauchoma mji ili ausafishe ufisadi. Mwaka 1931 akatoa Peludópolis, ndefu na yenye sauti, nayo kabla ya Snow White. Hakuna awezaye kuzitazama leo. El Apóstol iliungua na ghala lake mwaka 1926, na Babu hakushangaa. Mikanda ya naitreti ya siku hizo, alisema, huwaka hata ukiizamisha ndani ya ndoo ya maji. Ya Reiniger yenyewe ilinusurika kwa sababu nakala moja ilikuwa Uingereza. Ndiyo maana vitabu makini humwita mwenye katuni ndefu ya zamani zaidi iliyobaki. Snow White inabaki na sifa zake halali: ndefu ya kwanza ya Kimarekani, na ya kwanza kuchorwa kwa mkono kwenye karatasi za seluloidi.

"Anayebaki na risiti ndiye anayeitwa mwenye duka," akasema hakimu, akafunga daftari la mwisho. "Kifurushi utalipa."

Katika kelele zilizofuata hakuna aliyeona kwamba karani ameiacha simu juu ya meza, na kwamba Kulwa naye hayupo.

Mabishano yalikwenda mpaka baada ya chakula. Tulipoitwa chumba cha watoto, taa ilikuwa imezimwa, shuka jeupe limefungwa kati ya kabati na dirisha, na nyuma yake tochi inawaka. Ikaanza hadithi. Doto anasimulia, Kulwa anashika vijiti. Mwanamfalme akatokea, kilemba juu, upanga mkononi, mkono unakunjika kwenye kiwiko kwa waya wa kifungio cha mkate. Kisha akaja farasi. Nasema kweli, farasi yule alikuwa mzuri. Hakuwa mweusi tii kama vivuli vingine. Mwanga ulimpenya, na ndani ya tumbo lake kilionekana kitu cheupe cha mviringo, na mifupa miwili ikishuka vizuri kabisa mpaka miguuni, kama farasi mwenye roho.

Tulipiga makofi. Bibi ndiye aliyepiga zaidi. "Mume wangu," akamwambia Kulwa, "hilo tumbo mmelitengenezaje?"

Kimya. Babu, ambaye maisha yake yote yalikuwa kutazama vitu dhidi ya mwanga, akasogea mbele, akainama, akamshika farasi.

"Mama Fulani," akamwambia mkewe taratibu, "hili ni goti lako."

Bahasha ya kaki iliyokuwa ikining'inia nyuma ya mlango wa Bibi ilikutwa chini ya kitanda, tupu. Picha ya eksirei, ya goti la kulia, iliyopaswa kupelekwa kliniki ya mifupa Jumatatu asubuhi, ilikuwa imegawanyika kuwa farasi mmoja, mwanamfalme mmoja, jini nusu na mabaki. Jalada la daftari lilikuwa laini mno, watoto walieleza. Hiki kilikuwa cheusi, kigumu, na kinakatika bila kuchanika. Huwezi kusema hawakusoma maelezo.

Mahakama ikarudi sebuleni. Mama Kulwa akauliza swali ambalo kila mama wa nchi hii huuliza kabla ya kuvua kandambili: nani ameanza?

"Doto," akasema Kulwa.

"Kulwa ndiye aliyeshika mkasi kwanza."

"Wewe ndiye uliyesoma. Mimi nilikuja wa pili!"

Nikamtazama mwanangu. Mtoto aliyedai ukubwa tangu alipojua kusema, leo anang'ang'ania kuwa wa pili kama anang'ang'ania roho yake. Na Doto, kwa sauti ya upole ambayo haikumdanganya mtu, akasema, "Lakini si wewe ndiye kaka mkubwa?"

Shemeji akacheka. Hapo ndipo alipokosea, maana Mama Kulwa alimgeukia. Hukumu ilikuwa ndefu, lakini sikusikia mwalimu akifundisha vizuri kama usiku ule. Wa kwanza kuwaza ni Doto. Wa kwanza kutoa bahasha ni Kulwa. Wa kwanza kukata ni Kulwa, ila wa kwanza kumaliza kitu cha kutazamika ni Doto, kwa sababu ndiye aliyejua waya unapitaje. Wa kwanza kufungua mdomo humu ndani ni Shemeji. Na walioshangilia kabla ya kuuliza kitu kimetoka wapi ni sisi wote. "Kila mmoja wenu ana la kwanza lake," akasema, "na kila mmoja atafagia la kwake." Pacha wakapewa uwanja wa kufagia. Shemeji akapewa gharama ya picha mpya, juu ya kifurushi.

Bibi alikuwa na sheria ya kuongeza. Tangu usiku huo, atakayetamka "ya kwanza duniani" bila kusema ya kwanza katika nini, anatumbukiza shilingi 500 kwenye kibubu chake.

Jumapili kibubu kilifanya kazi. Shemeji alianza vizuri: alisema Toy Story ya mwaka 1995 ni katuni ndefu ya kwanza kutengenezwa yote kwa kompyuta. Bibi akamtazama Doto, Doto akatikisa kichwa kukubali, akaongeza tu kwamba fupi zilikuwapo, na Tin Toy ya mwaka 1988 ilishachukua Oscar. Shemeji akapita bila faini, akavimba, akasahau, akasema katuni ya kwanza ya Afrika ni Lion King. Mia tano. Lion King ya mwaka 1994 ni ya Hollywood. Hata "hakuna matata", ambayo wengine wanadhani ilizaliwa humo, watu wa pwani tulishaicheza na Them Mushrooms wa Kenya tangu Jambo Bwana ya mwaka 1982. Basi ni Ubongo Kids wa hapa hapa Tanzania! Mia tano tena. Ubongo Kids walianza kurushwa mwaka 2014, na Tinga Tinga Tales iliyotengenezwa Nairobi iliwatangulia mwaka 2010. Moustapha Alassane wa Niger alikuwa akitengeneza katuni za vyura miaka ya 1960. Na Cairo, mwaka 1936, ndugu wa familia ya Frenkel walishamtoa Mish Mish Effendi kwenye kumbi za sinema. Babu alipouliza kama Cairo ndiyo mwanzo, Doto alikataa kujibu mpaka aone fedha ya nani inaingia. Hata Babu akatumbukiza mia tano, kwa kudai kwamba jumba lake la Tanga ndilo lililokuwa la kwanza kuwa na viti vya kukunja. Hakueleza ya kwanza wapi.

Jumatatu Bibi alikwenda kliniki na alichokuwa nacho, kimeunganishwa kwa selotepu. Niliyemsindikiza ni mimi. Daktari, kijana mpole, alikichomeka kwenye kile kioo cha mwanga ukutani, akarudi nyuma, akavua miwani, akaivaa.

"Mama," akasema, "hili goti lina masikio."

Bibi akamweleza yote, kuanzia kwa Mickey. Foleni nje ikarefuka. Daktari akaandika picha mpya ipigwe, akaomba kwa adabu kama anaweza kubaki na farasi. Bibi akamkatalia, alisema farasi ni wa wajukuu zake, na bado ana kazi.

Picha mpya ilipigwa kwa fedha za Shemeji, na za kibubu zikaongezwa kwenye nauli. Sasa Bibi analala nayo chini ya godoro. Pacha wameacha kugombea nani alianza. Wanataka tu kujua goti la kushoto litapigwa picha lini, maana wana farasi na wana mwanamfalme, lakini hawajapata mchawi.